Mkasi Ndani ya Jipu la Mbuzi

Hotuba niliyoitoa katika ukumbi wa kata, wilayani Mpwapwa, mbele ya wafugaji, maafisa ugani wa mifugo na wanafunzi wa stashahada. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, nikiondoa tu pale nilipojirudia.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, walimu wangu wa mifugo, wazee, akina mama na vijana: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za asubuhi.

Kwenye barua ya mwaliko iliandikwa kwamba nitazungumzia "uchambuzi wa protini za sumu za bakteria wa mbuzi". Mtendaji aliponisomea maneno hayo kwa simu alicheka, akaniuliza kama kuna mtu atakayekuja. Naona mmekuja. Najua wengine mmefuata chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa pale nje chini ya mti. Si neno, ukumbi umejaa.

Naomba nianze na kisu, sumu itafuata.

Nilikuwa na miaka kama 14. Babu alinishikisha beberu mwenye uvimbe chini ya sikio, mkubwa kama embe dodo, akaniambia, "Limeiva hilo, lipasue." Nikalipasua palepale zizini. Ukatoka usaha mzito, mweupe wa kijanikijani, usio na harufu, umegandamana kama mtindi uliokamuliwa maji. Ukadondokea kwenye samadi. Nikapangusa kisu kwa majani, na jioni kisu kilekile kikatumika kukata alama za masikio ya wanambuzi waliozaliwa mwezi ule. Msimu uliofuata tulikuwa na mbuzi saba wenye uvimbe. Babu akasema ni majani ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Nami nilimwamini kwa muda mrefu, kwa sababu babu alijua mbuzi kuliko mtu yeyote niliyemfahamu.

Nasikia mnacheka kule nyuma. Mnacheka kwa sababu mnavyo visu vya namna hiyo nyumbani.

Uvimbe ule huwa na mahali pake. Unautafuta chini ya sikio, chini ya taya, mbele ya bega, ubavuni mbele ya goti la nyuma, na kwa mbuzi jike juu ya kiwele. Hizo ni sehemu zenye tezi za limfu, zilezile ambazo kwa binadamu zikivimba tunasema mtu ana mitoki. Ndiyo maana mimi kwenye daftari langu nauita ugonjwa huu mitoki ya mbuzi. Bakteria wake ana jina refu, *Corynebacterium pseudotuberculosis*. Neno la pili maana yake ni kifua kikuu cha bandia, kwa kuwa madaktari wa zamani walipopasua mapafu ya mnyama na kukuta vibonge vya usaha mkavu, walidhani wamekutana na kifua kikuu.

Huyu bakteria si mgeni kwa sayansi. Mwaka 1888 daktari wa mifugo Mfaransa, Edmond Nocard, wa chuo cha Alfort karibu na Paris, alimpata kwa ng'ombe aliyevimba njia za limfu. Miaka michache baadaye Preisz wa Hungaria akamkuta kwa kondoo. Na mwaka uleule wa 1888, mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin walifanya jambo ambalo bado naliona la ajabu. Walichukua mchuzi uliooteshwa bakteria wa dondakoo, wakauchuja mpaka hakubaki bakteria hata mmoja, kisha wakawachoma wanyama wa maabara maji yaliyobaki. Wanyama wakafa vilevile. Maana yake muuaji alikuwa kitu ambacho bakteria amekitema kwenye mchuzi. Kile kitu ndicho tunachokiita sumu, na kwa bakteria wengi sumu hiyo ni protini.

Nimetaja dondakoo makusudi. Bakteria wa dondakoo na huyu wa mbuzi ni ukoo mmoja, jina lao la kwanza ni moja. Lakini kila mmoja ana silaha yake. Sumu ya dondakoo huingia ndani ya seli na kuzima kiwanda kinachotengeneza protini, seli ikafa kwa kukosa kazi ya mikono yake yenyewe. Sumu ya huyu wetu haihitaji kuingia popote, inafanya kazi ukutani.

Hapa nitaenda polepole kidogo, na wanafunzi naomba mnisamehe kama mnalijua.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta. Katika utando huo kuna aina moja ya mafuta iitwayo sfingomielini. Ichukulie kama msumari: ina mwili mrefu uliozama ndani ya utando na ina kichwa kinachotokeza nje, na kwenye ncha ya kichwa hicho kuna kipande kiitwacho kolini. Seli nyekundu za damu za mbuzi na kondoo zimejaa mafuta haya kuliko za binadamu. Karibu nusu ya mafuta ya jamii ya fosfeti kwenye utando wao ni sfingomielini. Sasa bakteria wa mitoki anatema protini moja, mnyororo wa asidi amino (pingili zinazounda kila protini) takriban 300, wenye uzito wa kilodaltoni 31 hivi; kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa vitu vidogo kama protini. Wataalamu wanaiita fosfolipasi D. Kazi yake ni moja tu: inafika kwenye msumari ule na kukata kolini kutoka kichwani. Chwa! Ni mkasi.

Mtu atasema, kukata vichwa vya misumari kuna ubaya gani? Ukikata misumari mingi kwenye paa la bati, bati linabaki juu, lakini upepo ukija utaona. Ukuta wa mishipa midogo unalegea, maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama, na bakteria aliyeingia kupitia kidonda kidogo cha mwiba anapata njia. Anasafiri na maji yale hadi kwenye tezi iliyo karibu. Huko anamezwa na seli nyeupe za ulinzi, askari wa mwili, lakini yeye amejipaka koti la nta ambalo askari hawezi kulimeng'enya. Anaishi tumboni mwa askari, anazaliana, askari anakufa, na mwili unaanza kujenga ukuta kuzunguka maiti. Usaha wa kwanza, ukuta wa kwanza. Usaha wa pili, ukuta wa pili. Kwa kondoo ukilikata jipu la mapafu katikati utaona duara ndani ya duara kama kitunguu maji.

Wale mnaokimbilia kuchoma sindano ya OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasiklini, kila mnapoona uvimbe, sasa mnaelewa fedha yenu inakwendaje. Dawa inazunguka na damu, ukuta wa jipu hauna damu, na bakteria mwenyewe amejificha ndani ya seli. Dawa inapita nje ya nyumba na kuendelea na safari.

Mtajuaje kwamba ni mkasi ule mmoja unaofanya kazi yote hii? Bakteria ana jeni zaidi ya 2,000, kwa nini tumlaumu huyu mmoja? Hilo ni swali zuri na lilijibiwa kwa namna ninayoipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Australia, na baada yao wenzao wa Arizona huko Marekani, walitengeneza bakteria walewale wakiwa wameharibiwa jeni hiyo moja tu. Kila kitu kingine kilibaki. Waaustralia waliwajaribu kwa kondoo, wa Arizona kwa mbuzi. Bakteria wasio na mkasi walishindwa kusafiri kutoka mahali walipochomwa hadi kwenye tezi. Mitoki haikutokea. Jeni moja!

Nikawa mwanafunzi wa uzamili nikiwa na habari hizo kichwani, na nikaamua kwamba nitaiona sumu hii kwa macho yangu, kutoka kwa mbuzi wa hapahapa Dodoma.

Kuiona protini kunahitaji uvumilivu wa mvuvi. Unaotesha bakteria kwenye mchuzi, halafu unafanya kinyume cha mpishi: unatupa nyama na kubaki na supu, kwa kuwa sumu imetemwa nje. Supu ni nyingi na protini ni chache, kwa hiyo unatia chumvi ya salfeti ya amonia mpaka protini zishindwe kubaki kwenye maji, zijikusanye. Unazichemsha na sabuni kali ili mnyororo ukunjuke, unaziweka kwenye jeli na kupitisha umeme. Ndogo hukimbia, kubwa hukwama, kama watu sokoni siku ya mnada. Ukishapaka rangi ya buluu unaona mistari, na kwenye kilodaltoni 31 unategemea mstari wa mkasi.

Mimi sikuuona. Nilirudia mara nne. Miezi miwili ikaisha. Maabara niliyokuwa nikifanyia kazi haikuwa na jenereta, umeme ukikatika usiku friji linapata joto, nikawa na hakika kwamba sumu imeharibika. Nililaumu umeme, nikalaumu chumvi, nikamlaumu na aliyeuza chumvi.

Aliyenitoa kwenye giza hilo ni fundi sanifu mmoja mzee, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Akaniuliza, "Umewahi kuwapima kwenye damu hao bakteria wako?" Sikuwa nimewapima. Nilikuwa nimerukia jeli kwa sababu jeli ndiyo inayopendeza kwenye tasnifu.

Kipimo chenyewe ni hiki, na picha zake nimezibandika pale ukutani. Unachukua sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, iliyochanganywa na damu ya kondoo. Katikati unachora mstari wa bakteria mwingine, Staphylococcus, mwenye sumu ya beta. Sumu ya beta nayo ni mkasi unaokata sfingomielini, ila unakata mahali pengine: unashika kichwa kizima na kukiondoa. Damu iliyo jirani na mstari huo hubadilika rangi. Kisha unachora bakteria wako wa mbuzi akiuelekea mstari ule kwa pembe mraba. Unaweka kwenye joto la nyuzi 37, unalala, unarudi kesho. Kama bakteria wako anatema mkasi wake, utaona sehemu yenye umbo la mshale ambapo damu imebaki salama. Imebaki salama kwa sababu mkasi wa kwanza umeshakata ncha ya kichwa, na mkasi wa beta ukija unakuta hakuna pa kushika. Sumu moja inailinda damu dhidi ya sumu nyingine. Halafu unaigeuza hadithi: ukimweka jirani na bakteria mwingine aitwaye Rhodococcus equi, damu ileile inayeyuka kabisa, kwa sababu huyu wa tatu anajua kumalizia kazi pale mkasi wetu ulipoishia.

Sahani ile inagharimu kiasi cha sahani ya chipsi. Bakteria wangu hawakuchora mshale wowote. Hawakuwa wakitema sumu, au walikuwa wakitema kidogo mno. Nikaenda kutazama lebo ya chupa, nikakuta wino umefutika. Niliyekuwa namwotesha kwa miezi miwili sikujua ametoka kwa mbuzi gani, wala amehamishwa kutoka sahani moja hadi nyingine mara ngapi.

Baadaye nilijifariji nilipokuta kwamba jambo linalofanana na langu limewahi kuandikwa na watu wenye vifaa vyote. Mwaka 2011 watafiti wa Brazili walichapisha orodha ya protini zinazotemwa na bakteria wawili wa mitoki: mmoja aitwaye 1002, aliyetoka kwa mbuzi wa jimbo la Bahia na ambaye amepungua ukali, na mwingine C231, wa kondoo wa Australia. Kwa jumla walihesabu protini 93. Arobaini na nne wanazo wote wawili. Fosfolipasi D waliipata kwa C231, kwa 1002 hawakuiona. Mwaka uleule jenomu za bakteria hao wawili, yaani maandishi yao yote ya urithi, zilichapishwa, kila moja ikiwa na herufi kama milioni 2.3.

Hapo ndipo kazi ya kompyuta inapoingia, ambayo vijana wengi hapa wanaipenda kwa sababu haina usaha. Ukishakata protini zako kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, mashine inapima uzito wa kila kipande kwa usahihi wa kutisha, na kompyuta inalinganisha uzani huo na orodha ya protini zote ambazo jenomu inaweza kutengeneza. Ni kama kukuta vipande vya barua iliyochanwa na kuvitafuta katika maktaba nzima. Unaweza pia kuuchukua mnyororo wa herufi za protini na kuuliza: duniani kuna nani mwingine anayefanana na huyu?

Watu walipouliza swali hilo juu ya mkasi wetu, jibu lililorudi lilikuwa buibui.

Mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Ndiyo mzee wangu, buibui wa ukutani, si buibui la mama. Kuna jamii iitwayo Loxosceles, inayojulikana sana Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, ambayo ikimuuma mtu nyama ya pale huoza na kuacha shimo. Wako na ndugu zao wa mchangani, kwenye majangwa ya Namibia na Afrika Kusini, wenye sumu ya kundi hilohilo. Sumu yao kuu ni fosfolipasi D, mkasi unaokata msumari uleule wa sfingomielini. Mwaka 2005 watafiti wa Brazili walionyesha umbo la mkasi wa buibui mmoja wa jamii hiyo: pipa lililosukwa kwa nyuzi nane, na mdomoni mwa pipa asidi amino mbili ziitwazo histidini na chembe ya magnesi, hapo ndipo kukata kunapofanyika. Mwaka uliofuata wanasayansi wawili wa Marekani, Matthew Cordes na Greta Binford, walilinganisha mikasi hii na kuona kwamba kwenye mkia wa mnyororo kuna kipande ambacho buibui na bakteria wanacho, na ndugu wengine wa kundi hilo la protini hawana. Wakasema jeni hii ilivuka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Nililisoma jambo hilo usiku, nikatoka nje nikasimama. Jipu la beberu wa babu na jeraha la buibui wa jangwani vina fundi mmoja aliyechonga kisu chao. Sijui kama ninyi linawagusa, mimi lilinifanya nisiache kazi hii.

Lakini nisiwadanganye kwamba kompyuta haikosei. Bakteria huyuhuyu ana protini nyingine iitwayo CP40. Miaka ya 1990, Australia, iliainishwa kama kimeng'enya cha kukata protini, ikaonyesha pia dalili nzuri za kuwakinga kondoo. Jina likanakiliwa kutoka hifadhi moja ya data hadi nyingine kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2016 watafiti wa Lund, Uswidi, wakaipima upya mezani, wakakuta kazi yake halisi ni kukata sukari iliyoning'inia kwenye kingamwili, yaani kuzinyofoa manyoya silaha za mwili. Hata jina la fosfolipasi D lina ukungu wake, maana mwaka 2013 ilionekana kwamba mikasi ya buibui haimalizii kazi kwa maji kama jina linavyodai, bali inakikunja kichwa kilichobaki kikawa kama pete. Wanafunzi, mkikuta jina la protini kwenye kompyuta, lichukulieni kama jina la utani la mtu. Huenda anafanana nalo, huenda alipewa na adui.

Turudi kizizini, maana muda unakwenda na naona mama mmoja ameshaanza kufunga kanga.

Ukishajua mkasi ndiyo silaha, unaweza kufanya kama alivyofanya Gaston Ramon mwaka 1923. Huyu alikuwa Mfaransa aliyesomea udaktari wa mifugo palepale Alfort. Alichanganya sumu ya dondakoo na formalini, akaiweka kwenye joto kwa wiki kadhaa, sumu ikapoteza makali lakini mwili bado ukaitambua. Watoto wetu wakipelekwa kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, katika ile sindano ya paja kuna dondakoo iliyotengenezwa kwa akili hiyo ya daktari wa ng'ombe. Waaustralia mwaka 1983 walianza kuuza chanjo ya kondoo yenye mkasi wetu uliouawa makali vivyo hivyo. Inapunguza majipu sana ikitumiwa kwa utaratibu, haiyafuti. Na haimponyi aliyekwisha kuvimba, kwa sababu inaufundisha mwili kuushika mkasi kabla haujakata.

Sisi hapa hatuna chanjo hiyo kwenye duka la pembejeo, kwa hiyo tunabaki na kisu. Fikirini jinsi mkasi unavyofanya kazi: unamtoa bakteria kidondani na kumfikisha kwenye tezi, basi. Hauwezi kumtoa tezini na kumpeleka kwa mbuzi wa jirani. Jipu likiwa zima, limezungukwa na ukuta wake, bakteria yuko kifungoni. Anayemfungulia ni jipu kupasuka lenyewe, au mimi na kisu cha babu. Usaha mmoja ule una bakteria wengi kupita kiasi, na ukidondoka kwenye udongo wa kivulini au kwenye hori, wanaishi miezi. Mwiba wa kichaka, ukingo wa hori la bati, kamba inayochubua shingo, kisu cha alama za masikio: yote haya ni milango, na mkasi hauhitaji mlango mkubwa.

Basi fanyeni hivi. Ukiona uvimbe, mtenge huyo mbuzi kabla haujaiva. Usipasue zizini. Mwite afisa ugani. Apasue mbali na wenzake, avae glavu, usaha wote uingie kwenye chombo, uchomwe au ufukiwe chini kabisa, kidonda kisafishwe kwa iodini, na mbuzi abaki pembeni hadi kidonda kifunge. Kisu kichemshwe. Mbuzi anayevimba kila mwaka mwondoe, na usimuuze kwa jirani ukimwambia ni mafuta ya shingo. Nimeshuhudia mnada ambapo muuzaji aliapa hivyo mbele ya mtoto wake, na mtoto akamrekebisha.

Kwa binadamu ugonjwa huu ni nadra. Taarifa ya kwanza ya mtu kuugua ilitoka mwaka 1966, na wengi walioandikwa baada ya hapo ni watu wa kondoo, hasa Australia: wakata manyoya na wachinjaji, wanaovimba tezi za kwapa au kinena kwa miezi. Ila nadra si kamwe, na wachunaji ngozi wetu wana mikono yenye michubuko kila siku.

Mama mwenye kanga ya bluu aliuliza, na swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba: kama jipu liko juu ya kiwele, maziwa je? Nilimjibu kwamba asinywe na asimpe mtoto, jipu linaweza kupasukia ndani na macho yasione. Na maziwa ya mbuzi wengine ayachemshe, kwa sababu ya huyu na kwa sababu ya wengine wabaya zaidi kuliko huyu.

Kijana mmoja akauliza tunafaidika nini sisi na mambo ya buibui. Nikamwambia kwamba mshale ule kwenye picha ukutani aliuelewa mtu aliyejua kila mkasi unakata wapi, na leo afisa ugani akileta usaha kwenye maabara ndogo yenye damu ya kondoo na kabati la joto, kesho yake anaweza kupata jibu kama ni mitoki au ni kitu kingine, bila kusubiri mashine ya bei ya nyumba kumi. Aliinama akaandika. Sina hakika aliridhika.

Niliyobakiza ni haya. Kwenye meza ya karibu na dirisha kuna chupa 60 zenye vifuniko vya kubana. Ni za maafisa ugani, si za wafugaji. Mfugaji asiende kutoboa mbuzi ili ajaze chupa. Mkichukua usaha, chukueni ule wa pembeni kwenye ukuta wa jipu, katikati bakteria wengi wamekwisha kufa. Pelekeni kwenye barafu. Na juu ya chupa kuna karatasi: andikeni kijiji, tarehe, umri wa mbuzi na tezi iliyovimba. Penseli ziko kwenye kopo. Msitumie kalamu ya wino.